Ufunguo Uko Mfukoni mwa Nani?

Hotuba hii, ya kujiandaa kwa dharura ya moyo kwenye kliniki ya meno, niliitoa mbele ya madaktari wa meno, wauguzi, wasaidizi na wapokezi wa kliniki. Wenzetu waliokosa kufika wameomba waisome, nami nimeiandika kama nilivyoisema, bila picha za ukutani.

Ndugu zangu madaktari, wauguzi, wasaidizi wetu wa kiti, na ninyi wapokezi mliojibanza safu ya nyuma kana kwamba mkutano huu hauwahusu: hamjambo?

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mzee mmoja wa miaka sitini na kitu alikuja kung'oa gego. Nikampiga sindano ya ganzi, nikageuka kuandika kwenye faili lake, nikasikia msaidizi wangu anaita, "Daktari!" Nilipogeuka, mzee kichwa kimelala begani, jasho linamtoka, uso umekuwa rangi ya majivu. Namwita, haitiki. Nikapaza sauti: "Leteni sanduku la dharura!" Wakakimbia watu watatu. Watatu, jamani, na wote upande mmoja, wote stoo. Chumbani nikabaki peke yangu na mgonjwa. Kule stoo wakakuta kabati limepigwa kufuli. Ufunguo uko wapi? Kwa muuguzi mkuu. Muuguzi mkuu yuko wapi? Likizo.

Ufunguo wa akiba ulipatikana kwenye droo ya stakabadhi, mapokezi. Sanduku lilipofika, mzee alikuwa ameshafumbua macho na kuniuliza, "Jino limeshatoka?" Alikuwa amezimia tu. Nilikuwa nimelaza kiti, nimeinua miguu yake, damu ikarudi kichwani, basi. Kuzimia ndiyo dharura tunayoiona zaidi kuliko zote kwenye viti vyetu, na mara nyingi dawa yake ni hiyo: mlaze, inua miguu, subiri.

Tulicheka sana siku ile. Usiku sikucheka. Niliketi nikahesabu: tangu nilipopaza sauti mpaka sanduku kunifikia, dakika nne. Sasa chukueni hesabu hii muiweke karibu. Moyo ukisimama kwa sababu mpigo wake wa umeme umevurugika, kila dakika inayopita bila kukandamiza kifua na bila mashine ya kushtua moyo hupunguza nafasi ya mtu kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kila dakika. Dakika zangu nne nilizitumia kutafuta ufunguo.

Kwa hiyo ninawauliza, na nitawauliza tena kabla hatujaachana: huko kwenu, ufunguo uko mfukoni mwa nani?

Najua kuna atakayesema ajali haina kinga. Ni kweli, haina. Lakini kabati lina kufuli kwa sababu mtu alilitia kufuli. Ratiba ya likizo ina mwandishi wake. Nilipochunguza mambo yaliyotuchelewesha siku ile, sikuona hata moja lililoletwa na moyo wa yule mzee. Yote tulikuwa tumeyapanga wenyewe, wiki nyingi kabla hajaingia mlangoni.

Sasa turudi nyuma kidogo, kabla ya kiti, kabla ya sindano.

Mama mmoja alikuja kwangu akiwa ameshika taya la kushoto, chini. Alikuwa ameshang'olewa meno mawili kwingine, na maumivu yako palepale. Sasa alitaka nimng'oe la tatu. Nikagonga meno yake moja moja, hayaumi. Nikayajaribu kwa baridi, yako sawa. Nikapiga picha ya eksirei, safi kabisa. Nusura nimwambie aende nyumbani na dawa ya maumivu. Kisha sijui kilichonisukuma, nikamuuliza, "Mama, linauma wakati gani?"

Akaniambia, "Nikipanda ngazi, mwanangu. Nikikaa kitako, linatulia."

Ndugu zangu, jino halijui ngazi! Jino bovu linajua sukari, linajua baridi, linajua usiku wa manane. Maumivu ya taya yanayokuja mtu akitembea na kuondoka akipumzika ni ya moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Mishipa ya fahamu ya moyo na ya taya hupeleka habari zake kwenye njia zinazokutana, na ubongo hukosea anwani. Sikumgusa jino. Nilimpeleka hospitali saa ileile, na huko wakakuta mishipa ya moyo wake imeziba vibaya. Mtu yule alikuwa amepoteza meno mawili mazima kwa ugonjwa wa moyo. Na wala siwacheki waliomng'oa. Mimi mwenyewe lilikuwa limebaki swali moja tu nifanye kama wao.

Ndiyo maana nasema maandalizi ya dharura ya moyo huanzia kwenye karatasi ya maswali, ile tunayompa mgonjwa asaini haraka haraka akiwa amesimama. Uliza mgonjwa, "Una ugonjwa wa moyo?" Atasema hapana. Uliza, "Unameza dawa yoyote?" Atasema, "Za presha tu." Hilo neno "tu" linastahili hotuba yake. Kwenye "tu" nimewahi kukuta vidonge vitano, dawa ya kuzuia damu kuganda, na chupa ya dawa ya kupuliza chini ya ulimi ambayo mwenyewe aliiacha nyumbani kwa sababu "nilikuwa naja kwa jino, siyo kwa moyo". Siku hizi mpokezi wetu akipanga miadi humwambia mgonjwa alete dawa zake zote kwenye mfuko, na kama ana ile ya kupuliza, tunaiweka juu ya trei, mbele ya macho yetu, kabla sijashika kitu.

Kuna swali moja la aibu, nalo ni lazima. Mwanaume aliyetumia dawa za nguvu za kiume, yaani sildenafil ndani ya saa 24 zilizopita, au tadalafil ndani ya saa 48, hapewi nitrogliserini, ile dawa ya kupuliza chini ya ulimi. Presha yake inaweza kuporomoka ukashindwa kuirudisha. Je, atakuambia hayo mbele ya msaidizi kijana? Mbele ya mkewe aliyemsindikiza? Hatakuambia. Muulizeni faragha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mnavyouliza mzio wa penisilini.

Kisha pimeni presha. Nashangaa kliniki ngapi zina taa za bei mbaya na hazina kipimo cha presha kinachofanya kazi. Ikifika 180 kwa 110, matibabu yasiyo ya haraka yanangoja, mgonjwa anaenda kumwona daktari wake. Na dawa za kuzuia damu kuganda msizisimamishe kwa mamlaka yenu ili fizi isivuje. Fizi inayovuja tunaijua, tunaishona, tunaibana kwa shashi. Mshipa wa moyo ukiziba hatuna uzi wa kuushona.

Kuhusu adrenalini iliyo ndani ya ganzi, ile inayouharakisha moyo, naona wengi wanaiogopa kupita kiasi. Katriji, yaani kichupa cha ganzi kinachoingia kwenye bomba la sindano, ya mililita 1.8 yenye adrenalini ya 1 kwa 100,000 ina miligramu 0.018. Kikomo tulichofundishwa kwa mgonjwa wa moyo ni miligramu 0.04, yaani katriji mbili hivi. Vuta bomba la sindano uone kama kuna damu, kisha ingiza polepole. Lakini yule anayempa mgonjwa ganzi dhaifu "kwa ajili ya moyo wake", halafu jino linamuuma katikati ya kazi, ajue kwamba mwili wa mtu mwenye maumivu na hofu hujimiminia adrenalini yake wenyewe, na hiyo haina katriji ya kuhesabu. Ganzi iliyoshika vizuri ni ulinzi wa moyo. Hata miadi mifupi na maneno ya upole vinasaidia hapo.

Nije kwenye sanduku.

Baada ya siku ile ya ufunguo, nililimwaga sanduku letu mezani. Ndani yake kulikuwa na dawa ambazo sikujua hata zinatumikaje, nyingine muda wake ulishapita, nyingine zimeganda kwenye chupa. Shoka lisilo mpini halichanji kuni. Tukalipunguza. Kwa upande wa moyo, ninachotaka kukiona ni kichache: aspirini ya kutafuna, miligramu 300, nitrogliserini ya kupuliza, mtungi wa oksijeni na barakoa zake, barakoa ya kupulizia pumzi, kipimo cha presha na kile cha kidoleni cha oksijeni, na mashine ya kushtua moyo. Ampuli ya adrenalini ya 1 kwa 1,000 imo pia, ila kazi yake kubwa kwetu ni mzio mkali. Iandikeni hivyo juu ya kifuko chake, maana katika taharuki mtu anaweza kumchoma mwenye maumivu ya kifua, akamwongezea balaa.

Kwenye mtungi wa oksijeni, fanyeni hesabu ambayo hakuna anayeifanya. Mtungi wenye lita 340, ukiufungulia lita 15 kwa dakika kama inavyotakiwa moyo ukisimama, unakwisha ndani ya dakika 22 au 23, na huo ni mtungi uliojaa. Wenu umejaa? Mliangalia geji lini? Nani aliangalia? Tena nani?

Kufuli tuliliondoa. Sanduku sasa lina utepe wa plastiki unaokatika kwa mkono, wenye namba. Utepe ukiwa mzima, ndani hakujaguswa. Ukikatika, mtu anahesabu upya. Kila mwanzo wa mwezi jina la mtu mmoja liko ukutani, na mwezi unaofuata ni mwingine, hata mimi. Sitaki kusikia "tunaangaliaga". "Tunaangaliaga" maana yake hakuna anayeangalia.

Sasa mgonjwa yuko kwenye kiti, na amesema kifua kinambana. Yuko macho, anazungumza, lakini ameloa jasho na anahisi kichefuchefu. Hapa moyo haujasimama. Kuna mshipa unaoziba. Acheni kazi, toeni kila kitu mdomoni. Huyu msimlaze chali kama aliyezimia. Mkalisheni nusu, anavyojisikia nafuu. Pimeni presha. Ile ya juu ikiwa haijashuka chini ya 90, na lile swali la faragha lina jibu zuri, pulizeni nitrogliserini chini ya ulimi. Mpeni aspirini atafune, kama haina mzio kwake na havuji damu tumboni. Oksijeni ni kwa yule ambaye kipimo cha kidoleni kiko chini. Siyo pambo la kila mtu. Na ambulensi iitwe mapema. Msingojee mwone kama yatapita. Mgonjwa mwenyewe atawaambia "nitakuwa sawa tu, msijisumbue". Mmeona tena hilo "tu".

Halafu anyamaze ghafla. Hapo ndipo hotuba yangu yote ilipokuwa inaelekea.

Mwenzetu mmoja ameniruhusu nisimulie. Mgonjwa wake alinyamaza, kisha akaanza kukoroma: pumzi moja nzito, kimya, pumzi nyingine, kimya kirefu. Wakasema, anapumua, Mungu mkubwa. Wakamvika barakoa ya oksijeni wakasubiri. Dakika zikapita. Zile hazikuwa pumzi. Ni mtapotapo wa mwili ambao moyo wake umeshasimama, na hutokea mara nyingi dakika za mwanzo. Yule mgonjwa hakuamka. Mwenzetu anasema sauti ile anaisikia hadi leo, na kwamba hakuna aliyewahi kumwambia. Basi nawaambia ninyi: mtu haitiki, na hapumui kama mtu anavyopumua, moyo umesimama. Anzeni kukandamiza. Mkikosea, ataamka awasukume mikono, na mtafurahi.

Wapi? Palepale kwenye kiti. Nimeona watu wakihangaika kumshusha mgonjwa mnene sakafuni, kwenye kachumba ambako hata stuli haigeuki. Msimshushe. Kilazeni kiti kabisa, sukumeni trei na taa, safisheni mdomo: pamba, katriji, mpira wa kutenga jino, vyote nje, kinyonya mate kipite.

Ila kiti kina siri yake. Tulipofanya zoezi la kwanza na mwanasesere wa mafunzo, msaidizi wangu mwenye nguvu kuliko sisi wote alikandamiza mpaka akalowa, na mwanasesere kimya. Yule wetu hulia "tak" ukifikia kina kinachotakiwa. Hakulia hata mara moja! Tukatazama pembeni: mgongo wa kiti unadunda kama chandarua cha sarakasi, nguvu zote zinaishia kwenye chuma. Tukachukua ile stuli ya daktari, tukaisukuma chini ya mgongo wa kiti, usawa wa kifua. Tak. Tak. Tak. Stuli ambayo kila mmoja wenu anaikalia kila siku. Nendeni mkaipime kama inaingia. Kwa baadhi ya viti inabidi kuishusha au kuipandisha kwanza, na hilo ni bora ulijue leo.

Katikati ya kifua, kiganja juu ya kiganja, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kiachieni kifua kirudi juu chenyewe. Mara 30, kisha pumzi 2. Kila baada ya dakika 2 badilishaneni, hata kama anayekandamiza anaapa hajachoka. Amechoka. Mikono hudanganya.

Mashine ikifika, iwasheni kwanza, mengine itawaambia yenyewe. Pedi moja chini ya mtulinga wa kulia, ya pili ubavuni chini ya kwapa la kushoto. Kifua kikaushwe, chenye nywele nyingi kinyolewe chapuchapu. Wembe, mkasi na taulo vikae mfukoni mwa mashine. Oksijeni isogezwe mbali kabla ya kushtua. Ikishamaliza kushtua, rudini kukandamiza papo hapo, msisimame kushangilia wala kutafuta mapigo. Na neno moja dogo: iwasheni siku ya kawaida muisikilize. Mashine nyingi huja zikizungumza lugha moja, na kama msaidizi haielewi vizuri, hamtaki agundue hivyo siku yenyewe.

Sasa wapokezi. Njooni mbele kidogo. Najua mnasema hii ni kazi ya madaktari. Hebu nisikilizeni. Mwaka 1960, pale Johns Hopkins huko Marekani, ilitangazwa kwamba kifua kinaweza kukandamizwa kwa mikono mitupu, bila kupasua, na damu ikazunguka. Aliyeongoza utafiti ule, William Kouwenhoven, alikuwa mhandisi wa umeme. Mwaka huohuo, yule mwanasesere tunayejifunzia alitolewa na Asmund Laerdal wa Norwei, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto. Fundi umeme na mtu wa madoli! Leo mtu wa mapokezi aniambie haimhusu?

Kwetu sasa ni hivi. Aliye na mgonjwa habanduki kwa mgonjwa, anaanza kukandamiza. Msaidizi analeta vitu vitatu kwa safari moja: sanduku, oksijeni, mashine. Mpokezi anapiga simu. Kando ya simu yake kuna kadi yenye maneno ya kusoma, yakiwamo anwani yetu, alama ya jirani, ghorofa na mlango wa kuingilia, kwa sababu mtu aliyetetemeka husahau hata jina la mtaa anakofanya kazi. Akimaliza anarudi chumbani na kusema kwa sauti, "Nimepiga, wanakuja." Asiporudi kusema, tunahesabu kwamba simu haijapigwa. Kisha anashika lifti, anafungua mlango, anawatoa wanaosubiri, anaandika saa: ameanguka saa ngapi, ameshtuliwa saa ngapi. Wa ambulensi wakiingia, karatasi ile ndiyo kitu cha kwanza wanachoulizia.

Na siku ambayo mpo wawili tu kliniki? Hilo ndilo swali ninaloulizwa kila mahali. Simu inawekwa kwenye spika, kando ya kichwa cha mgonjwa, mmoja anakandamiza akizungumza, mwingine anafuata mashine. Kama mko wawili mara kwa mara, basi mashine haina haki ya kukaa stoo.

Zoezi letu la mwisho tulilifanya bila taarifa, saa ya mchana, watu wana njaa. Kutoka sauti ya kwanza hadi mkono wa kwanza kifuani: sekunde kumi na tano. Hadi pedi kubandikwa: dakika moja na nusu. Aliyebandika pedi ni dada wa mapokezi, kwa sababu msaidizi alikuwa amepokea zamu ya kukandamiza. Muuguzi mkuu, kwa taarifa yenu, alikuwa likizo.

Nimesema ya kutosha. Kule nyuma kuna wanasesere wanne juu ya meza, na mmoja tumemlaza kwenye kiti cha meno halisi. Stuli iko pembeni. Sijaiweka chini ya kiti makusudi, nataka nione nani atakumbuka. Madaktari, kaeni kwanza. Wapokezi watangulie. Dada wa gauni la kijani, wewe uliyekuwa ukijificha nyuma ya nguzo, vua saa yako, njoo. Mimi nashika saa. Dakika mbili bila kusimama. Mikono katikati ya kifua. Haya, kwa sauti, wote mhesabu naye: moja, mbili, tatu, nne…